Uzi wa Tatu

Pakiti ilisema sita.
Nikazimwaga mezani, juu ya gazeti la juzi,
kati ya maganda ya viazi na kisu butu,
zikajinyoosha kivivu kama abiria walioamshwa:
wa kwanza, wa pili, wa nne, wa tano, wa sita,
halafu wa pili tena.

Nikahesabu kwa kidole. Nikaupima kwa jino,
maana jino halidanganywi na unene.
Pacha. Kiwanda kimoja, siku moja
ambayo mtu fulani, mbali huko,
alipiga miayo mbele ya mashine,
na miayo yake ikasafiri kwa lori, kwa meli, kwa lori tena,
ikafika Punta Arenas, ikatua jikoni kwangu
saa kumi na mbili jioni, mwezi wa Juni,
giza limeshafunga mlango
na barafu inatafuna mabati.

Bosko Kusanović huuza mabuti, kamba, betri,
na nyuzi za gita kwenye droo moja na ndoana.
Nampigia simu. "Nélida," anasema, "pakiti ilifungwa.
Mimi nauza kilichofungwa. Kilichomo ni cha Mungu."
Kisha nasikia kijiko chake kikigonga sahani.

Na leo ni usiku wa tisa.
Mikesha minane tumemwombea shangazi Zunilda
kwa gita lenye nyuzi zilizoota kutu,
naye, kama namjua, amevumilia huku amebana midomo.
Nilimwahidi (maiti, ndiyo, nilimwahidi maiti)
kwamba mkesha wa mwisho atasikia nyuzi mpya.

Kwanza najaribu ulaghai.
Yule pacha namweka mahali pa wa tatu,
namlegeza hadi afike chini, kwenye sauti isiyo yake.
Anapwaya, anagonga vyuma vya shingo,
suruali ya marehemu kwa mrithi mwembamba.
Hapana.

Basi kopo la biskuti: vifungo,
funguo za milango isiyokuwepo tena,
na viringo vya nyuzi alizoacha mjomba Ruperto Oyarzún,
ambaye hakutupa kitu maishani mwake
isipokuwa kazi tatu na mke mmoja.
Humo nikapata wa tatu wawili.

Mmoja unang'aa. Nikaufunga, nikaukaza, kigingi kikilalamika,
nikaudonoa ukiwa mtupu: asali.
Nikaubana katikati, mstari wa kumi na mbili,
pale uzi unapotakiwa kulitaja upya jina lake kwa sauti ya mtoto,
nao ukataja jina la jirani.
Nikaubana tena. La jirani.
Miaka mingapi nimekilaumu kidole.

Wa pili ni mweusi, una kikunjo pa kigingi cha zamani,
na ncha yake fupi inatosha mizunguko miwili tu.
Kampuni nyingine, enzi nyingine, labda gita jingine.
Ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa.
Nikaupa mizunguko yake miwili.

Sasa tano zinalia kama vijiko vipya
na mmoja unaongea kwa puani, una kifua.
Lakini ni zile mpya zinazohama:
nazipandisha, zinateremka,
nageuka kutafuta koti, zimeteremka tena,
bado zinajifunza kuvutwa.
Ule mweusi haujasogea hata unywele.
Nikaacha kuusawazisha nao.
Nikazisawazisha hizo tano kwa huo mmoja.

Nyumbani kwa Zunilda, viti vya kuazima, mishumaa,
harufu ya kondoo kutoka jikoni.
Eladio anafungua kodiani, anasikiliza, ananiinamia:
"Nani mwenye mafua humo ndani?"
"Wa tatu," nasema. "Anza."

Tukaanza. Beti ya nne uzi wa kwanza ukashuka,
nikaupandisha bila kuacha sala,
na hakuna aliyegeuka.

Yule pacha yumo mfukoni mwa koti langu,
amejikunja, mzima kabisa,
hajui kosa lake ni lipi.